Mbuzi Kwenye Gunia, Kaseti Kwenye Nailoni

Vijana wa benchi, mmeniomba niwaandikie ya kazini kabla sijaanza kusahau majina ya vipuri. Haya, naandika. Ila nawaambia mapema: anayesubiri nieleze nililipwa ngapi na nilipanda vipi cheo, akanywe chai kwanza. Mimi Koku wenu, siku ya kwanza nilikuwa fundi na siku ya mwisho nilikuwa fundi, kilichobadilika ni miwani. Na mkiona nimeandika kama mtu aliyeshtuka, ni kweli nimeshtuka. Kuna jambo lilinikuta mwishoni kabisa mwa kazi, na mpaka leo nikilikumbuka huku namenya ndizi hapa kwangu Kibeta, mkono unasimama na kisu hewani. Nitalifikia, msinikimbize.

Nilianza kwa Mzee Idrisa, kwenye chumba kimoja karibu na soko la Bukoba. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, msichana peke yangu darasani, na nilikuwa nimezunguka mji mzima kutafuta benchi. Duka moja waliniuliza kama nimekuja kufagia. Mzee Idrisa hakuniuliza kitu. Alikuwa Mhaya wa Kamachumu, kule Muleba, Muislamu mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake. Akasukuma redio mbele yangu. "Fungua." Nikafungua. "Funga." Nikafunga. "Skrubu ngapi zimebaki mezani?" Zilikuwa zimebaki mbili, nikatamani ardhi ipasuke. "Basi wewe ni fundi," akasema. "Ambaye hajawahi kubakiza skrubu, huyo bado hajaanza. Kesho njoo na mswaki."

Nilikwenda nyumbani nimenuna, nikidhani mzee ananisema meno. Kumbe mswaki ni wa kusugulia bodi. Nimetumia miswaki mingi kazini kuliko mdomoni, na hilo daktari wa meno wa hapa mjini anaweza kulithibitisha.

Duka lile lilikuwa na neno lake, nanyi mlishike vizuri kwa sababu ndilo lililoleta balaa. Neno lenyewe ni kuandaa. Kwetu, kitu hakikutoka mlangoni bila kuandaliwa, kiwe kipya kiwe cha zamani. Na kuandaa hakukuwa kupamba. Unachana nailoni, unafungua boksi mbele ya mteja, unatoa kitu, unasugua miguu yake ya shaba kwa pamba iliyoloweshwa enkonyagi, ile pombe kali ya ndizi, maana dawa za madukani zilikuwa adimu. Unakichomeka, mteja anakiona kinafanya kazi, unakifuta vumbi, ndipo anakipokea. Mnaijua desturi yenyewe. Hata balbu hapa Bukoba muuzaji anaitoa kwenye boksi, anaichomeka, inawaka, ndipo unatoa hela. Na stendi walikuwepo wale matapeli wa boksi la simu limefungwa safi, ukifika nyumbani unakuta kipande cha sabuni. Mzee alikuwa akisema, "Ukiuza kitu kimefungwa, umeuza mbuzi kwenye gunia." Chupa ya enkonyagi aliitunza yeye mwenyewe, kwa kuwa hanywi. Mimi Mlutheri hakuniamini nayo, na sikumlaumu.

Bingwa wa kuandaa alikuwa mkewe, Mama Hamza. Yeye ndiye aliyekaa kaunta. Vidole vyake vilichana nailoni kabla mteja hajamaliza salamu. Mtu akisema, "Mama, acha tu, nitafungulia nyumbani," alimtazama kana kwamba ameomba kuibiwa. "Baba, fungua hapa hapa, ukikuta jiwe tulione wote!" Watu walimwogopa, lakini walirudi.

Halafu zikaja gemu. Nyingine zilipitia Mutukula kutoka Kampala, nyingine waliletewa watu na jamaa zao wa Dar: kimashine cha plastiki cha kuunganisha na televisheni, vishikio viwili, na kaseti za njano zilizopachikwa juu yake. Jamani, mji ulichanganyikiwa! Watoto walitoroka madrasa, watoto walitoroka mafundisho ya kipaimara. Shehe wa mtaa wetu na mchungaji wetu, ambao kwa kawaida hawakukubaliana hata mvua ikinyesha, walikubaliana kwamba kile kimashine ni cha shetani. Na watoto wa wote wawili nilikuwa nawatengenezea vishikio.

Ugonjwa mkubwa wa kaseti ulikuwa mate. Kaseti ikigoma, mtoto anaichomoa, anaipuliza kwa nguvu zote, anairudisha. Inashika mara moja, anaamini amekuwa daktari. Mate yanabaki kwenye shaba, unyevu wa ziwa unamalizia, kutu inaingia. "Kaseti si mkaa!" Mzee aliwafokea. "Nani kawaambia inapulizwa?" Niliandika ukutani kwa chaki USIPULIZE, na mtoto wa kwanza aliyeisoma aliipuliza ile chaki.

Kesi ngumu kuliko zote ilitoka Bumbire. Mvuvi mmoja aliyekuwa anachezesha watoto gemu kule kisiwani alidondosha mashine ziwani wakati anashuka mtumbwini. Badala ya kutuletea mbichi, akaianika juani kwenye chanja moja na dagaa. Alipotuletea, paka wa soko zima walikuja naye. Nilitoa magamba kwenye bodi kwa sindano ya kushonea, nikasugua, nikachoma risasi upya miguu yote iliyolegea, na nikakata tamaa zaidi ya mara moja. Mzee hakunisaidia. Alivuta kiti akakaa nyuma yangu, nikikosea anakohoa. Ilipowaka nilipiga kelele nikamkumbatia mvuvi wa watu, nikanuka dagaa mpaka Jumapili. Baadaye alituambia mashine ikipata joto inatoa harufu ya kukaanga, na watoto wa Bumbire wakicheza saa moja wanakwenda kudai ugali.

Sasa kaseti yenyewe. Kulikuwa na daktari mmoja Mzungu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Mzee alikuwa amemtengenezea redio miaka nenda rudi, basi kwa shukrani akamwachia katoni la vikorokoro: nyaya, plagi, na kaseti moja ya gemu, mpya, ndani ya boksi lenye picha ya mtu mwenye upanga juu ya mlima, lote limefungwa nailoni ya kung'aa. Mzee akaiweka kando ya mashine zetu, akapima kwa macho. Ilikuwa pana kuliko mdomo wa mashine.

"Hii ya kwao," akasema. "Kwetu haiingii."

"Tuiandae?" nikauliza.

"Unamwandalia nani? Mgeni hayupo, unapika?"

Akaipandisha rafu ya juu. Ilikaa huko watoto wakiitazama ile picha na kutunga hadithi zao. Uzee ulipomzidi Mzee alifunga duka, akapakia vitu vyake kwenye sanduku la bati, kaseti ikiwemo, akarudi Kamachumu na Mama Hamza. Mimi nikahamia na bisibisi zangu kwenye benchi hili lenu. Mzee aliishi miaka michache, akafariki, tukamzika nyuma ya nyumba, kwenye kibanja chake.

Miongoni mwenu kuna waliokuja Kagera kwa kazi tu, kwa hiyo niseme: kibanja kwa Mhaya si shamba. Ni migomba, mibuni, nyumba, na waliokutangulia wamelala humo humo. Mwenye kibanja anajua atazikwa wapi. Asiye nacho, hata akiwa na ghorofa Dar, watu wa nyumbani humwonea huruma kimoyomoyo.

Miaka ikapita. Gemu zikahamia kwenye simu, kaseti za njano zikawa takataka. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nilimwaga toroli zima shimoni nyuma ya soko. Nyingine nilizuilia mlango.

Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, ndipo Byabato, fundi mwenzenu wa simu, alipokuja na kioo cha simu yake mbele ya pua yangu. "Mama Koku, tazama watu walivyochanganyikiwa."

Nikaona picha ya kaseti, na chini yake namba ndefu. "Hii ni bei ya nini?"

"Ya gemu."

"Ya kiwanda cha gemu?"

"Ya gemu moja, mama. Ya zamani, zimebaki chache. Kuna watu wanazikusanya."

Akanigeuzia zile dola kuwa shilingi. Mawe! Nilivyolitoa hilo neno letu la Kihaya la kushangaa, mteja aliyekuwa mlangoni aligeuka akaondoka. Nikamwambia arudie hesabu. Akarudia. Nikamwambia aibadilishe simu. Niliwaza lile toroli, nikawaza ule mlango. Byabato akaniambia nisijiue, zile za njano zilikuwa za kuiga, hazina bei. Wanazotaka ni za asili. Akaendelea kunionyesha nyingine na nyingine, mpaka akafika kwa mtu mwenye upanga juu ya mlima.

"Ngoja hapo," nikasema. "Huyu namjua."

Mjue na hali iliyokuwepo Kamachumu wakati huo. Hamza, mtoto pekee wa Mzee Idrisa, ambaye kibanja kiliandikwa jina lake, alikuwa ameamua kukiuza. Ana shughuli zake Dar, anataka mtaji. Mnunuzi alikuwa mtu wa mjini aliyetaka kujenga nyumba ya wageni, bei milioni thelathini na tano. Kwa mila, ardhi ya ukoo huulizwa wa ndani kwanza, wa nje baadaye. Mke kwa mila hiyo hiyo si wa ukoo, lakini wazee walimheshimu marehemu, wakasema: Mama Hamza akileta bei ile kabla ya kikao cha ukoo, kibanja ni chake mpaka afe. Asipoleta, kinakwenda, pamoja na nyumba, pamoja na kaburi. Wapi mjane wa Kamachumu atapata milioni thelathini na tano? Ndugu walikuwa wanamletea pole kana kwamba amefiwa mara ya pili.

Kwa hiyo mimi na Byabato tulipanda Kamachumu mbio mbio. Kaseti ilikuwa sandukuni, chini ya kanzu za marehemu, nailoni yake haina hata mkwaruzo. Byabato akaipiga picha kila upande, akazituma kwa mkusanyaji mmoja wa Nairobi, Bwana Njoroge. Jibu lilirudi hata chai haijapoa. Milioni arobaini, za Tanzania, na anakuja mwenyewe kuichukua.

"Kwa kaseti?" Mama Hamza aliuliza. "Ile iliyokuwa haiingii?"

"Ile ile, mama."

Akakaa chini mkekani, akasema Alhamdulillahi, halafu akauliza tena, "Kwa kaseti?" Tulimweleza bei. Sababu ya bei hatukumweleza, kwa sababu mimi mwenyewe ilikuwa haijaniingia akilini. Kuna jioni nilimpigia yule Njoroge nimsikie kwa masikio yangu.

"Bwana, hiyo gemu utaicheza na nani?"

"Kucheza? Hapana, mum. Hizi hazichezwi. Naiweka tu."

"Hutaifungua?"

"Nikiifungua nimeiharibu."

"Sasa ndani ukikuta sabuni?"

"Sitakuta, mum," akasema kwa upole. "Kwa sababu sitafungua."

Nimefanya kazi maisha yangu yote kuwazuia watu wasinunue mbuzi kwenye gunia, na huyu hapa anasafiri kutoka Nairobi akilitaka gunia lenyewe, mbuzi hana haja naye!

Siku mbili kabla hajafika, Byabato alimpigia Mama Hamza. Mtandao wa kule milimani mnaujua. Alikuwa na wasiwasi mgeni asiikute kaseti na vumbi la sanduku. Akasema maneno machache tu, kijana wa watu, kwa nia njema kabisa: "Mama, mgeni anakuja Jumamosi. Iandae."

Jumamosi tulitangulia sisi wawili, mgeni akifuata na gari la kukodi kutoka uwanja wa ndege. Tulikuta ua umefagiwa, ndizi ziko jikoni, Mama Hamza kavaa khanga mpya. Akatukaribisha sebuleni. Mezani palikuwa na sinia limefunikwa kitambaa cheupe. Akakifunua kwa fahari kama anayemfunua bibi harusi.

Kaseti ilikuwa uchi. Boksi lake limesimama pembeni, mdomo wazi. Kijitabu chake kimenyooshwa, na shaba zilikuwa zinang'aa mpaka unaweza kujitazama.

"Kuijaribu sikuweza, mashine yake sina," akasema. "Lakini imo! Si jiwe, si sabuni. Na miguu nimeisugua mwenyewe. Enkonyagi nimeomba kwa jirani, akanicheka, anadhani nimeanza uzeeni. Hatasema mtu kwamba mke wa Idrisa kauza mbuzi kwenye gunia."

Byabato alikaa chini sakafuni. Mimi nikashika mlango. Niliona ile bei inavyopotea, kibanja kinavyokwenda, na yeye amesimama pale anasubiri tumsifu. Nani angemlaumu? Aliambiwa aandae, akaandaa. Hakuna fundi wa Bukoba aliyemfundisha maana nyingine ya neno lile.

Nilimweleza. Nilimweleza kwa Kiswahili, akanitazama. Nikamweleza kwa Kihaya, akanitazama vile vile. "Koku, unasema walitaka isifunguliwe?"

"Ndiyo, mama."

"Milele?"

"Milele."

"Mawe," akasema taratibu, akakaa.

Hapo Byabato akainuka. Ana akili yule mtoto, na akili ikikosa kazi huwa hatari. Kwenye begi alikuwa na mashine ya hewa moto ya kuchomolea vipuri, na nailoni ile nyembamba inayojibana ikipata joto. "Mama Koku, dakika chache tu. Naifunga upya, haijulikani. Amesema mwenyewe hatafungua!"

Nilitamani. Haki ya Mungu nilitamani. Mbuzi alikuwa yule yule, gunia tu ndilo jipya, na nje dirishani niliona saruji ya kaburi la mzee wangu kati ya migomba. Nikamtazama Mama Hamza aseme yeye.

"Unataka nilifunge gunia tena?"

"Lakini mama, kaseti ni ile ile," Byabato akasema. "Huibi kitu."

"Yeye analipa kwa sababu haijafunguliwa. Mimi nimeifungua. Nikipokea, nitakuwa nimemuuzia nini?" Akakikunja kile kitambaa mara nne. "Idrisa amelala pale. Siwezi kulinunua kaburi lake kwa biashara ambayo angekuwa hai angenifukuza dukani. Weka vyombo vyako, baba. Mgeni akija ataikuta hivi."

Nikasikia gari linapanda.

Bwana Njoroge alikuwa mtu mnene mpole, ameshikilia kisanduku cha sifongo kama aliyebeba mtoto mchanga. Akasalimia vizuri, shikamoo yake ikamfikia kila mkubwa. Akavaa glovu nyeupe. Ndipo akaona sinia. Alitoa glovu moja, akaivaa tena.

"Mum," akasema mwishowe. "Ile nailoni iko wapi?"

"Nimewashia moto, baba. Ndiyo iliyochemsha chai hiyo uliyomiminiwa."

Akakitazama kikombe. Sitausahau ule uso. Sijawahi kuona mtu mzima akitazama chai ya rangi hivyo, na wala hakuinywa, mpaka Mama Hamza alipomwambia inapoa. Akainywa yote, akiwa amefumba macho.

Alitueleza bila hasira. Kaseti iliyofunguliwa, hata ikiwa safi namna ile, angeweza kulipa milioni sita. Akaongeza kwamba sita ni bei nzuri, Mama Hamza angemkuta mwingine angepewa nne, na nikamwamini. Mama Hamza aliuliza swali moja. "Kwa hiyo thelathini na nne zilizobaki zilikuwa za nini?"

"Za nailoni, mum."

"Nailoni."

"Ndiyo."

"Hii tunayochana na kutupa?"

"Ndiyo, mum. Pole sana."

Mama Hamza akaanza kucheka. Alicheka akashika mbavu, akacheka machozi yakamtoka, na baada ya muda sikuweza kujua kama bado anacheka. Njoroge akainama. Byabato alitoka nje, akaenda kusimama kwenye migomba. Mimi nilikuwa na hasira na sijui ya nani. Si ya mama, si ya mgeni aliyesema ukweli tangu mwanzo. Nilihesabu kichwani maboksi yote tuliyochana kwenye ile kaunta kwa heshima ya wateja.

Kikao cha ukoo kilikaa wiki iliyofuata, sebuleni hapo hapo. Hamza alifika kutoka Dar. Wazee walimsikiliza Mama Hamza mpaka mwisho, na mmoja wao akaomba arudie pale pa nailoni. Hamza akapiga paja. "Mama! Si mngeifunga tu upya? Nani angejua?" Mama yake alimtazama tu, nami niliyekuwa nimekaa karibu na mlango nikatazama miguu yangu.

Wazee wakaamua hivi: kwa zile milioni sita alizolipa Njoroge atabaki na nyumba na kipande cha nyuma chenye kaburi. Mibuni yote na migomba ya mbele inakwenda kwa mtu wa mjini. Hamza akatia sahihi, akawahi basi la Dar.

Nilistaafu mwezi ule ule. Asubuhi yangu ya kwanza bila benchi nilipanda Kamachumu kumsaidia Mama Hamza kupanda milamula, ile miti yetu ya mpaka, kando ya kamba waliyovuta wazee. Ng'ambo ya kamba vijana wa mnunuzi walikuwa wameshaanza kukata mibuni. Mibuni ile Mzee Idrisa aliikuta kwa baba yake. Mama Hamza alikuwa anachimba mashimo, mimi natia miche. Mbuni mmoja ukaanguka karibu kabisa na sisi, matunda yakamwagika mpaka upande wetu. Akasimama, akaegemea jembe.

"Koku," akaniita. "Yule bwana wa Nairobi alitaka kununua nailoni kwa bei ya kibanja, tukashangaa wote, tukamwona hana akili."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu ameuza kibanja kwa bei ya nailoni. Mbona hapa hashangai mtu?"

Mimi Koku, ambaye mnasema nina jibu la kila kitu, nikaanza kuokota yale matunda yaliyomwagika upande wetu. Akainama, akachimba shimo jingine.